Pamba Haipigwi Kimya

Tarehe 5 Juni

Mke mwenzangu,

Salamu ni nyingi, utajigawia mwenyewe huko. Mimi mzima, shangazi yako mzima, Mama Pacha naye mzima, ila pacha wake wamemaliza sabuni ya nyumba nzima kwa kupuliza mapovu. Nakuandikia maana mimi na wewe simu haitufai. Nikipandisha sauti kidogo unasema, "Mtandao, bibi, mtandao," halafu kimya. Barua huwezi kuikata.

Jana kaja mtu wa Ofisi ya Afya. Mtu mzima, viatu vinang'aa, kasimama katikati ya uwanja wangu wa kazi mpaka pamba ikamkaa kichwani akafanana na jogoo mzee. Kanipa karatasi mbili. Moja ina muhuri, moja haina. Ile ya muhuri nimeisoma siku nzima, kidole chini ya kila neno, kama marehemu babu yako alivyonifundisha kwa mkaa juu ya kitambaa cha godoro. Yeye ndiye shule niliyoipata, na mwalimu mwenyewe alikuwa anakosea herufi.

Karatasi inasema mimi ni kero. Haya, si mimi, ni "shughuli ya kupiga pamba katika uwanja wa nyumba". Inasema naamriwa kuipunguza na kuiondoa kero hiyo ndani ya siku ishirini na moja. Nisipofanya hivyo, uwanja utafungwa. Uwanja ukifungwa ujue magodoro yamekwisha. Mimi, shangazi yako na Mama Pacha tutakaa barazani tuhesabu wapita njia.

Sasa wewe ni karani wa wakili, unashinda na makaratasi. Nieleze. Mtu akikuambia punguza chumvi, hakuambii papo hapo ondoa chumvi. Hawa wanataka kipi?

Ila usidhani nimekaa kusubiri. Kero yenyewe naijua, ni vumbi. Godoro kuukuu ukilifumua na kuipiga pamba yake, linatema vumbi la miaka kumi ya jasho la watu. Upepo ukiamka unalibeba mpaka kwenye nguo walizoanika wenzetu. Kwa hiyo nimeshapunguza. Tulikuwa tunaanza kupiga saa kumi na mbili na nusu. Tangu leo tunaanza saa kumi na moja na nusu, upepo bado umelala. Vumbi linatua hapohapo miguuni. Nani atalalamika tena?

Fundi Saa wa nyumba ya pili kaja jioni kuniuliza mtu wa afya alitaka nini. Nikamsomea. Maskini, alishtuka mpaka chai ikammwagikia magotini. Jirani kama yule hupewi mara mbili.

Jibu upesi, na ule. Mara ya mwisho ulikuja na shingo kama ya kuku wa mvua.

Bibi yako wa Magodoro


Tarehe 8 Juni

Bibi, shikamoo.

Barua nimeipata, na shingo yangu haina tatizo.

Nimemuuliza wakili, yule mzee wa miwani miwili niliyekusimulia habari zake, mmoja usoni na mmoja kichwani anautafuta. Ameniambia hivi. Nyumbani mtu akisema "nimepunguza", anaonyesha alichotoa: nimetoa kijiko kimoja cha sukari, nimetoa saa moja ya kazi. Sheria inapoamuru kero ipungue, haiangalii ulichotoa. Inaangalia kilichobaki. Kama kilichobaki bado kinamkera mtu wa kawaida nyumbani kwake, sheria itakuhesabu hujapunguza kitu, hata ukitoa robo tatu.

Kwa hiyo hawajakukataza magodoro. Wanataka kero iishe, au ibaki ndogo kiasi cha jirani kuweza kuvumilia. Lakini siku ni zile ishirini na moja, nazo zinaishia tarehe 25. Ukipita hapo bila mabadiliko wanayoyaona wao, watafunga kweli. Wakili ameshaona karakana mbili zimefungwa, wenyewe wakiwa wanaapa kwamba wamepunguza sana.

Nitumie karatasi zote mbili, bibi. Zote. Nataka kuona kero imeandikwaje.

Na jambo la mwisho, nakuomba kwa heshima yote: usitafute nani alikwenda kusema. Haitasaidia. Nakujua.

Mjukuu wako, Karani


Tarehe 11 Juni

Mke mwenzangu mwenye maneno ya ofisini,

Unanijua, kwa hiyo unajua nimeshatafuta.

Ni Mama Duka. Nani mwingine ana mashuka meupe sita kwenye kamba kila Jumamosi? Nilimpitia asubuhi, nikamwambia, "Mwenzangu, ukiwa na jambo nami mlango wangu hauna kufuli." Akajifanya hajui. "Jambo gani tena, Bibi?" Nikamwambia, "Hilohilo unalolijua." Tangu siku hiyo sinunui kwake. Natembea mpaka duka la njia panda na goti langu hili, narudi na chumvi nikiwa nimekwisha, lakini heshima iko palepale.

Vumbi nimelipunguza zaidi. Sasa tunaanza saa kumi na moja kamili. Mama Pacha ananiambia, "Bibi, hata wachawi hawajarudi nyumbani saa hii." Nimemwambia awasalimie akikutana nao. Na ardhi tunaimwagia maji kwanza. Nimekaa nikalitazama lile vumbi kwa mwanga wa taa, hakuna hata linalovuka ukuta. Ukiniuliza mimi, kero imekufa na kuzikwa.

Nakutumia ile karatasi ya muhuri. Ya pili sijui ilikokwenda. Haikuwa na muhuri, na karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Nitampa Fundi Saa bahasha aipeleke stendi, maana anapita huko kununua betri za saa. Siku hizi macho yamemwiva kama pilipili. Nilimwambia, "Fundi, lala mapema, uzee haupigwi ngumi." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilitokea puani tu.

Shangazi yako anauliza kama Desemba unarudi moja kwa moja kama ulivyosema. Chumba chako nimekitilia godoro jipya, pamba ya kwanza, hakuna hata mbegu moja ndani.

Bibi yako wa Magodoro


Tarehe 11 Juni

Kwa binti yangu Karani,

Anwani yako nimeisoma kwenye bahasha aliyonituma bibi yako. Barua yake nimeitia kwenye basi la asubuhi. Hii nitaitia kwenye basi la mchana, ili zisisafiri pamoja.

Mimi ni Fundi Saa, jirani yenu. Ulipokuwa mdogo nilikutengenezea saa ya kuchezea iliyokuwa haina mashine, ukalia kwamba haisemi. Huenda umesahau.

Aliyelalamika ni mimi.

Chumba changu na uwanja wa bibi yako vinatenganishwa na ukuta mmoja. Dirisha liko upande wa pili, na meza ya kazi lazima ikae dirishani, kwa hiyo kitanda kiko ukutani. Usingizi wangu wa uzeeni haujui adabu: hauji mpaka karibu na alfajiri. Saa zile chache mpaka jua kupanda ndizo usiku wangu wote. Mwezi uliopita nilikuwa nafungua saa ya mama mmoja, saa ya marehemu baba yake, mkono ukatetemeka kwa uchovu, kamani, ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, ikafyatuka ikaruka nje ya dirisha. Nimeitafuta kwenye majani siku mbili. Fundi wa saa mwenye mkono unaotetemeka ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia mwenyewe. Nilikwenda mara tatu, maneno tayari mdomoni. Mara ya kwanza kabla sijafungua mdomo aliniambia nimekonda, akanikalisha, akanilisha, nikarudi nimeshiba. Mara ya pili nilimkuta anamsema fundi bomba aliyechelewa. Binti yangu, sijawahi kusikia mtu akisemwa vile, nikarudi kabla hajaniona. Mara ya tatu nilijikaza. Nikamwambia, "Bibi, mnaamka mapema sana nyie." Akanijibu, "Anayelala mpaka jua limchome huyo hana kazi." Nikacheka naye.

Ndipo nikaenda ofisini. Nilimwambia yule bwana, "Mwambieni apunguze kidogo tu, na msinitaje." Akaniuliza, "Unalalamika rasmi?" Nikasema ndiyo, nikidhani rasmi maana yake ni kwa adabu. Sikujua kuna siku ishirini na moja ndani yake. Sikujua kuna kufunga. Bibi yako aliponisomea ile amri, chai ilinimwagikia na sikusikia kwamba ni ya moto.

Jumatatu nilirudi kufuta. Bwana yule akaniambia kwamba malalamiko yakishazaa amri, si yangu tena, ni ya ofisi. Kumbe niliomba maji ya kunawa, nikafunguliwa bwawa.

Na sasa bibi yako anaanza saa kumi na moja. Anaamini kero ni vumbi. Kila akipunguza, mimi naongezewa.

Wewe anakusikiliza. Mwambie kwamba ni makelele ya fimbo. Ila ukiweza, usinitaje. Miaka kumi na tatu ya ujirani ndiyo mali niliyo nayo mtaa huu.

Wako, Fundi Saa


Tarehe 14 Juni

Bibi, shikamoo.

Si vumbi. Ni makelele.

Karatasi ya muhuri uliyonitumia imeandikwa chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "Maelezo ya kero, tazama ukurasa wa pili." Ukurasa wa pili ndio wenye jambo lenyewe, na ndio ulioutupa kwa sababu hauna muhuri. Muhuri ni mlango tu, bibi. Utafute huo ukurasa. Lakini usisubiri kuupata. Nina hakika ni makelele ya fimbo asubuhi, na kwa kuanza mapema zaidi umeyaongeza. Zimebaki siku kumi na moja.

Nakuomba ufanye jambo moja. Kesho au keshokutwa, waache shangazi na Mama Pacha waanze kupiga kama kawaida. Wewe nenda nyumbani kwa Fundi Saa, uingie ndani, ukae kwenye ukuta unaopakana na uwanja, usikilize. Usiniulize kwa nini kwake. Ukuta wake ndio ulio karibu.

Nimejaribu kutafuta namna ya kukueleza wakili alichosema, nikaona njia rahisi ni hii. Huku kwetu, anayepunguza ndiye mwenye kusema, "Nimepunguza." Kwenye sheria, wa upande wa pili wa ukuta ndiye mwenye kusema, "Imepungua." Mtu wa afya atakaporudi hatasimama uwanjani kwako kutazama vumbi. Atasimama kwa jirani.

Ukishasikia, bibi, tafadhali nyamaza mpaka uhesabu hamsini. Ukifika hamsini, anza tena.

Mjukuu wako, Karani


Tarehe 18 Juni

Mke mwenzangu, mficha mambo,

Nimehesabu hamsini mara nne. Nilipofika mia mbili ndipo nikasema.

Nilikwenda kwa Fundi saa kumi na moja kasoro robo. Nilimkuta macho, amekaa kwenye kiti, mikono magotini, kama mtu anayesubiri gari ambalo halipendi. Nikamwambia, "Mjukuu wangu kasema nije nisikilize ukuta wako." Akaniangalia, akasogeza shuka, akaniambia, "Kaa hapa kitandani, Bibi. Hapa ndipo unaposikika vizuri."

Fimbo ya kwanza nikadhani mtu kagonga mlango, nikasema karibu. Ya pili nikageuka kumtafuta aliyegonga. Ilipofika ya kumi, meno yangu machache yaliyobaki yakaanza kusalimiana. Maana ubao wetu wa kupigia, ule alioupigilia babu yako miaka hiyo, ameupigilia ukutani. Ukuta wa Fundi. Nimeuegemea miaka yote sikuwahi kuuwazia kwamba una upande wa pili.

Mezani kulikuwa na kisahani cha vijiskrubu vya saa, vidogo kama mayai ya inzi. Kila fimbo ikishuka, vinaruka. Fundi akanyoosha mkono akaweka kiganja juu ya kile kisahani, bila hata kukitazama, kama mama anavyomshika mtoto kichwa gari likiyumba. Alikuwa anazungumza nami habari nyingine kabisa. Mkono wenyewe umeshazoea.

Hapo ndipo nilipojua.

Nikamwambia, "Ni wewe."

"Ni mimi, Bibi."

"Miaka kumi na tatu unakunywa chai yangu."

"Nimeinywa."

"Ukashindwa kuniambia nyamaza?"

Akaniuliza, taratibu kabisa, "Bibi, nani amewahi kukuambia wewe nyamaza?"

Nikafikiri. Babu yako alijaribu mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa.

Nikamsema, sikufichi. Nilimwambia yeye ni mwoga, ni mfitini wa serikalini, ni saa mbovu inayolia ndani ya kabati la mtu mwingine. Alikaa akasikiliza yote. Nilipomaliza akasema, "Sasa unaona kwa nini nilikwenda ofisini." Mke mwenzangu, neno lile limenikaa. Mimi nadhani nawapenda watu, na nawapenda kweli, kumbe wakija kwangu wanakuja wameinamisha kichwa kama wanaopita mlango mfupi.

Kuna na jingine. Muda wote ule nilikuwa nimekaa juu ya godoro lake, na makalio yangu yanajua kazi. Pamba imeganda mafungu mafungu kama viazi ndani ya gunia. Nikamuuliza, "Hili nani kakushonea?" Akasema alihamia nalo. "Yaani miaka kumi na tatu unalala ukutani kwa mshona magodoro, juu ya mawe?" Akasema, "Niliogopa ukilifumua utanisema." Basi nikamsema. Kisha nikamwita shangazi yako tukalibeba. Fundi akabaki amesimama katikati ya chumba na mto mkononi kama mtu aliyeibiwa.

Kwa Mama Duka nimekwenda. Nimenunua kamba ambayo sina haja nayo, nikamwambia nilimkosea. Akasema, "Mimi nilidhani una hasira kwa sababu siku moja nilikupa unga wenye wadudu." Sikuwa hata naujua huo unga. Naye alikuwa ananiogopa kwa kosa lake mwenyewe.

Ukurasa wa pili nimeuona. Mama Pacha aliukata kuwa kigezo cha pembe za mito, maana ulikuwa mgumu mzuri. Tumeunganisha vipande: "makelele ya kupiga kwa fimbo kabla ya saa mbili asubuhi". Tumeshashona mito kumi na minane kwa amri ya serikali.

Sasa nisaidie. Zimebaki siku saba. Nikisubiri saa mbili ipite, upepo umeshaamka, na hapo litakuja vumbi kweli. Nitakuwa nimezika kero moja na kuzaa nyingine. Na Fundi anasema malalamiko hayafutiki. Ni kweli?

Halafu nijibu na hili, bila mtandao kukatika. Wewe nawe unaniogopa?

Bibi yako wa Magodoro


Tarehe 20 Juni

Bibi, shikamoo.

Ni kweli, hayafutiki. Amri ikishatoka inabaki mpaka ofisi yenyewe ije, ione, iandike kwamba imetimizwa. Fundi Saa hata akipiga magoti pale mlangoni haitasaidia. Atakachoweza ni kuulizwa anasikiaje. Na ndiyo, ukileta vumbi litaandikwa kero mpya na siku zitaanza upya. Wakili anasema waonyeshe kila ulichobadilisha: saa, mahali, vifaa. Namna ya kufanya hatuijui sisi wa makaratasi, unaijua wewe. Hakuna anayeijua pamba kama wewe.

Uliniuliza kama nakuogopa. Ndiyo, bibi. Fundi aliniandikia siku ileile uliyoniandikia habari za Mama Duka, nikajua ni yeye, nikakuficha. Nilijiambia ni kwa ajili ya amani. Ilikuwa ni woga.

Na kuna jambo lingine nimekaa nalo tangu Aprili. Desemba sirudi. Nimepata nafasi ya kusomea sheria, miaka miwili, jioni baada ya kazi. Nimekubali bila kukuambia. Kila ukiniandikia habari za chumba na godoro jipya naiweka barua chini nikazunguka meza. Nilijua utasema nimekudanganya, na nimekudanganya.

Nisamehe, au uniseme kwanza kisha unisamehe.

Mjukuu wako, Karani


Tarehe 26 Juni

Mke mwenzangu,

Nilipoisoma barua yako nilikasirika nikaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa masafi. Shangazi yako akanikimbia. Mama Pacha akawaita wanawe ndani. Nikawaona wanavyojibanza, nikacheka peke yangu pale bombani, hasira ikaniponyoka.

Soma. Mimi neno moja la karatasi lilikula siku yangu nzima, na lile lenye maana lilikuwa kwenye ukurasa nilioukatia mito. Ukiwa na nafasi ya kusoma ukaiacha ukaja kunikalia kwenye chumba hicho, hapo ndipo ningekusema mpaka mtaa wa tatu. Godoro lako nimelifunga kwa kitambaa kigumu. Nitakutumia kwa basi la mizigo, maana anayesoma usiku anahitaji pa kuanguka.

Sasa ya hapa. Ubao tumeung'oa kwenye ukuta wa Fundi. Misumari ya babu yako ilitoka ikilia, nami nikatoka kidogo nikakaa nje mpaka ikaisha. Hatupigii tena ubao. Tumetandika magunia matano, moja juu ya jingine, kwenye kona ya mbali upande wa barabara. Fimbo ikishuka inasema puf, kama mtu mnene anayekaa. Na kwa sababu ya upepo, tumezungusha kamba tukatundika maganda ya magodoro kuukuu, vile vitambaa vya nje, tumeyalowesha maji chapachapa. Vumbi likija linagota pale linabaki. Kamba ni ile niliyoinunua kwa Mama Duka bila haja. Tunaanza saa tatu, tunaacha saa saba. Kazi imepungua kidogo, sikatai, magodoro manne kwa wiki badala ya matano. Tunaishi.

Juzi jioni tulimrudishia Fundi godoro lake. Tulilifumua, tukaichambua pamba yote kwa vidole, tukatupa iliyooza, tukaongeza mpya, tukaipiga mpaka ikafura kama mandazi. Sikumsema hata neno. Alilibonyeza kwa kidole kimoja, akasema, "Mbona linanirudishia?" Nikamwambia godoro zuri linajibu. Tuliaga akiwa bado anatutazama, kama anayesubiri kusemwa.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe, ya ishirini na moja. Yule bwana wa viatu kaja saa tatu na nusu, na karatasi zake na kalamu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko fimbo. Nikamwonyesha magunia, kamba, maganda yaliyoloa. Akapiga fimbo mwenyewe mara mbili, akasikiliza, akaandika. Kisha akasema, "Sasa twende kwa mlalamikaji. Yeye ndiye wa kusema." Nikamwambia, "Najua. Nimefundishwa."

Tukawaacha shangazi yako na Mama Pacha wanapiga. Tukagonga mlango wa Fundi. Kimya. Tukagonga tena. Mimi nikashtuka, nikasema mzee wa watu kafa siku ya hukumu yangu. Nikausukuma mlango, haukuwa umefungwa.

Fundi Saa alikuwa amelala. Saa nne kasorobo ya asubuhi, jua limejaa mpaka kwenye sahani ya vijiskrubu, na yeye chali, mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Fimbo tunazisikia kwa mbali, puf, puf. Vile vijiskrubu vimetulia kama mchele.

Bwana wa afya akasimama na kalamu yake. Mimi nikaanza, "Fundi, amka, kuna mgeni wa..." Yule bwana akanigeukia, akaweka kidole mdomoni pake. "Bibi, taratibu."

Akaninong'oneza, "Nimuamshe nimuulize kama analala?"

Akaandika palepale, karatasi ameiegemeza mlangoni. Nimeisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno, pande zote mbili, penye muhuri na pasipo muhuri. Inasema kero imeondoka na amri imetimizwa. Shangazi yako kaibandika juu ya mlango wa uwanja kwa gundi, hata moto ukija itabaki.

Fundi aliamka saa tano na nusu. Kaja mbio, shati kalivaa kinyume, anahema.

"Bibi, bwana wa afya kaja?"

"Kaja na kaondoka."

"Mungu wangu. Hakuniuliza. Amesema nini?"

Nikamwambia, "Amesema unakoroma."

Bibi yako wa Magodoro